Mkasi Msumarini

Theluji ya Gyumri haina adabu,
huingia dukani kabla ya mteja.
Nyuma yake Vartges, dereva wa basi namba nane,
akikung'uta kofia juu ya mizani ya watoto wachanga,
akisema kama mtu aagizaye mkate:
"Amoksilini, Haykanush. Vinne tu. Nikatie."

Nikatie.
Mkasi upo, umening'inia msumarini
kando ya kalenda ya mwaka juzi.
Miaka kumi na tisa ulitafuna karatasi za vidonge:
viwili kwa jino, vitatu kwa koo,
kimoja kwa bibi aliyesema nafuu yatosha.
Mkono ulioushika ni huu huu.

"Homa?"
"Sina."
"Kifua kinabana?"
"Anayenibana ni mke wangu."
"Basi ni mafua, Vartges. Dawa hii haiyajui mafua.
Ni sawa na kumtoza nauli
abiria aliyebaki nyumbani."
Anacheka, kisha anakumbuka kuwa amekasirika.
"Wewe ni daktari?"
"Hapana. Mimi ndiye mlango wa mwisho."
"Ng'ambo watanipa."
"Watakupa."

Anatoka. Kupitia kioo naiona kofia yake
ikivuka barabara na pesa ya umeme wangu.

Sikumwambia habari za Arusyak,
binti wa fundi viatu, aliyekuwa akija kununua peremende za koo.
Goti lilichubuka kwenye barafu, kidonda cha ukubwa wa kifungo.
Dawa ya kwanza ikagonga ukuta.
Ya pili ikagonga ukuta.
Ya tatu ilitoka Yerevani kwa gari la usiku,
nayo ikapita, kwa shida, ikiacha mguu mmoja mfupi.
Vijidudu vile vilisomea wapi?
Kwenye nusu dozi ya nani?
Usiku nahesabu vidonge nilivyokata
na hesabu haikubali kufungwa.

Kengele ya mlango. Kofia ileile, nyeupe zaidi.
"Ng'ambo wamefunga, wameenda msibani,"
anasema, akitazama sakafu.
"Yale majani ya mlimani unayowapa watu...
asali kiasi gani?"
"Kijiko. Na homa ikipanda, au ukivuta pumzi kwa taabu,
usije kwangu, nenda kwa Daktari Nazeli, usiku huohuo."
"Kijiko kilichojaa?"
"Kilichojaa, mzee."

Nafunga majani kwenye karatasi, nazungushia uzi.
Kisha naushusha mkasi,
una kutu kidogo kwenye bawaba,
nakata uzi.