Mlango Uko Kushoto

Ulianza na chaki, Lorcan, sakafuni mwa banda:
mita sita kwa mbili na robo.
Ukasema, haya, tuhamie.
Juma zima la Julai, baridi ya Ballarat ikipenya bati,
tukapika ndani ya mstari, tukanuniana ndani ya mstari,
na ulipokatiza ukutani kwenda kukojoa
nikakupigia ukelele: umepita kabatini!

Mlango nikaufuta kwa soli ya kiatu,
nikauchora upya kushoto.
Chai yangu nitainywa nikitazama kunakokucha,
si kisogo cha gari lako.

Kisha zikaja plaiwudi, zikaja ribiti, miezi ya gundi vidoleni,
na ule mzani wa bafuni, hakimu wetu.
Vitabu vyako vya ndege: kilo saba. Ukabakiza kimoja.
Sufuria ya chuma ya mama: nne unusu. Ikapita.
Cherehani uliipima mara tatu, ukakuna kidevu,
ukaenda ukaagiza tangi dogo la maji
bila kuniambia. Niliona risiti.

Sasa tuko Nullarbor, barabara kama uzi uliovutwa.
Tunaoga kwa kikombe, nami silalamiki.

Jana simu ililia: Bi. Pettifer, aliyenunua nyumba.
Mwanawe wa miaka minne hataki chaki ifutwe.
Imefifia, lakini kila akiingia bandani
husimama nje ya mstari, akabisha hodi,
akauzunguka akitafuta pa kupitia.

Mwambie, nikasema,
mlango uko kushoto.