Kumi Katika Mia

Hospitali ya Ibra, saa tano asubuhi.
Mezani kwangu karatasi yenye safu mbili:
dripu ya zamani, siku kumi wodini;
kidonge kipya, unameza kwako.

Dripu huponya miguu tisini katika mia.
Kidonge hakijidai bora.
Kinaomba tu kisionekane kibaya mno,
na hiyo "mno" ndiyo niliyoajiriwa kuipima.
Nikaandika: kumi.
Hesabu ikatoa wagonjwa mia mbili themanini na wanne.
Mkuu wa idara akatia saini, akaagiza kahawa.

Bi Thuwaiba bint Khalfan, mzaliwa wa Wete,
kidonda cha sukari, mguu wa kushoto,
alitaka asomewe fomu kwa Kiswahili.
Nikamweleza kura: bahasha zimefungwa,
daktari hajui, nami sijui.
"Kama zamu za falaji," akasema.
"Kivuli cha kijiti hakiulizi shamba la nani.
Na hii kumi?"
"Ni pengo tunaloweza kulivumilia, bibi."
"Tunaloweza nani?"

Nikakunjakunja pembe ya karatasi.
"Basi andika miguu kumi," akasema.
"Kumi peke yake ni bei ya samli."

Usiku nikaikata kumi, ikawa tano.
Ukilipunguza pengo nusu
watu hawazidi mara mbili, huzidi mara nne:
elfu moja mia moja thelathini na wawili.
Ibra haina miguu mibovu mingi hivyo, alhamdulillahi.
Basi twende Sur, twende Nizwa, twende Rustaki,
miaka minne, mitano,
na muda wote huo mtu wa Wadi Bani Khalid
alale wodini siku kumi, mbuzi wake wakilia,
kwa kusubiri kidonge ambacho labda ni kizuri.
Hao nao, nani kawahesabu?

Mkuu akauliza, kwa nini tano?
Nilikuwa na fomula. Nikasema, miguu.
Tukavutana mpaka adhuhuri, tukakomea saba.
Wagonjwa mia tano sabini na wanane.
Pembezoni nikaongeza kwa kalamu, *miguu saba*;
katibu akaifuta alipochapa.

Jumatatu nimemwona Bi Thuwaiba akivuka maegesho,
kandambili moja, mguu wa pili ndani ya mfuko wa Lulu,
mjukuu kamfungulia mlango wa gari.
Anakwenda kwake.
Kwa hiyo najua bahasha ilisema nini,
na mimi sitakiwi kujua.
Nikageuka ukutani, nimechelewa.