Ripoti ya Robo ya Tatu, Kadutu

Kaya zilizopangwa kutembelewa: ishirini na nne.
Kaya zilizofikiwa: kumi na tisa.
Hapo fomu inauliza, sababu?
na kunipa nafasi ya vidole viwili.

Tatu ni za mvua.
Bwana msimamizi, wewe hupanda Kadutu kwa pikipiki
hadi pale lami inapochoka.
Mimi huanzia hapo.
Ngazi za Nyamugo ni magunia ya mchanga
yaliyopangwa na watu waliochoka kuanguka,
na Septemba ikishayalowesha
hayamjui mjamzito wala mwenye kitambulisho.

Moja: nyumba ya saba haipo.
Sikusema familia. Nyumba.
Kilima kiliichukua usiku wa Jumatano pamoja na jiko,
kikaacha mlango umesimama, na kufuli lake.
Nsimire na mapacha wako kwa shangazi yao, Cimpunda,
nje ya eneo langu kwa mujibu wa ramani yenu.
Nilikwenda. Mtanisamehe au mtanikata.
Kwenye fomu nimeandika "wamehama",
neno lisilo na tope.

Yaliyo mema, kwa kuwa mnayataka juu ya ukurasa:

Mugisho, baba wa miaka kumi na tisa,
mbeba mizigo sokoni,
Januari aliniambia mtoto mchanga hasikii,
kuongea naye ni kuongea na mtungi.
Agosti nimemkuta amemlaza binti mapajani
akimweleza bei ya saruji, mfuko kwa mfuko,
na binti anabisha kwa miguu yote miwili.
(Mzazi anazungumza na mtoto: ndiyo.
Nimeweka alama, kalamu ikatoboa karatasi.)

Utepe wa mkono wa Ntakwinja
ulisoma njano, sasa unasoma kijani.
Wageni wakija kutoka Kinshasa mtasema: programu.
Semeni, sitawabishia mbele za watu.
Lakini niliuona unga wa sambaza katika uji,
na nilimwona bibi yake akishuka sokoni
na kitenge cha arusi kwenye mfuko wa nailoni,
akarudi bila kitenge.

Posho: miezi minne.
Najua si sehemu ya ripoti.
Nataja tu kwamba sandali ya kushoto
nimeishona kwa uzi wa nyavu,
na uzi nao ni wa deni.

Inabaki kaya ya kumi na mbili.
Mara ya kwanza nilibisha, kimya.
Mara ya pili, kikohozi.
Mara ya tatu sauti ikapita kwenye mabati:
"Wewe wa serikali, umekuja kuhesabu au kuleta?"
Sikuwa na cha kuleta. Utepe, kitabu cha picha,
na mdomo huu.
Nikaketi kizingitini, maana miguu ilikuwa imekataa kushuka.
Baada ya muda mlango ukafunguka upana wa beseni,
beseni likatoka, limejaa majani ya sombe, na kisu kidogo.
Nikachambua. Ndani, mtoto alikuwa akinyonya,
nilisikia vizuri, ananyonya kwa nguvu.
Hatukusema neno.
Tumefika hapo.
Nimetafuta kisanduku cha "tumefika hapo",
nimegeuza hadi nyuma ya fomu. Hakuna.
Nimemhesabu kati ya wasiofikiwa.

Kumi na tisa kwa ishirini na nne:
simu inasema asilimia sabini na tisa na kitu.
Ninyi hukikata hicho kitu baada ya nukta.
Mimi nimekiacha kiendelee: moja, kisha sita, sita, sita,
hadi kioo kikaisha na sita zikiwa bado njiani.

Imejazwa kwa mkono, umeme haukuwapo.
M'Rhubanza, mtembeleaji.

Nyongeza: kisu chake kimo katika mfuko wa fomu,
nilikibeba bila kujua.
Ijumaa nitabisha mara ya nne.