Uzi Mwekundu

Katoni ilifika Jumanne, pembe moja imelowa.
Nikakata gundi kwa ufunguo wa duka:
riwaya tisa, vitabu vitatu vya kisukari,
kimoja cha mama aliyekopa akajenga,
na ile harufu ya karatasi isiyoguswa
ikaifunika Barabara ya Digo na moshi wake.

Fundi Shekue wa Kibokoni hanunui.
Husoma wima, kila baada ya adhuhuri,
futi shingoni, sindano kolani,
kurasa kumi za ile ya upelelezi. Hakunji ukurasa.
Hulaza uzi mwekundu alipoishia, akarudi cherehanini.

Mimi hujifanya nahesabu chenji.

Jana bibi mmoja wa Nyali kainunua,
nakala pekee, na uzi wake ndani.
Fundi akaja, akapapasa rafu
kama mtu aliyekosa ngazi gizani.

“Nimeisoma,” nikamwambia. “Aliyeua ni…”

“Koma! Usinambie!”
Akaziba masikio kwa ncha mbili za futi.
“Mwache huyo muuaji atembee
mpaka katoni nyingine ije.”

Kisha, mara ya kwanza tangu nimjue,
akaweka arbuni juu ya meza:
noti ya mia, ina chaki ya kushonea.