Wa Jana au wa Juzi

Treni ya Mpanda, wakasema, kesho jioni.
Basi mabegi tukamwachia mlinzi wa stesheni,
tukaingia Tabora kama watalii, mimi na Luhende:
ndoa ya miaka thelathini na mmoja,
na hatujawahi kula nje
pasipo harusi wala msiba.

Kwa Misoji, kuku wa kienyeji na ugali wa mtama,
mlenda ukining'ang'ania kidole
kama mtoto asiyetaka kulala.
Kisha kahawa chungu, kashata mbili.
"Usishibe," nikamwonya. "Kuna pa tatu."

Pa tatu hapakuwa na jina.
Viti vya plastiki, taa ya buluu.
"Wanzuki wa jana au wa juzi?" akauliza binti.

Luhende, ambaye ofisi iliwahi kumtuma Lisboni siku nne,
akakizungusha kikombe cha bati,
akatumbukiza pua, akafumba macho.
"Kuna inzi, mzee?"
Meza ya jirani ikacheka hadi jagi likamwagika.

"Kule wanaonja kwanza," akajitetea.
"Wanakuuliza unasikia nini.
Mbao, wanasema. Udongo uliolowa.
Mimi niliitikia tu, nikalipa."

Nikampokonya kikombe.
Moshi. Gome la muyombo.
Nyuki mmoja aliyekufa na hasira zake.
Na nyuma kabisa, kwa mbali,
jasho la baba akishuka mtini usiku,
sega limefungwa kwa majani,
akituita tusilale kwanza.

Sikumwambia Luhende.
Nilisema tu,
"Huu wa juzi. Mwambie aongeze."