Kundi la Kulinganisha

Swali la kumi na nne: Je, unafanya kazi?
Weka alama. Ndiyo, au Hapana.
Candiru ananitazama, sindano mdomoni,
anauliza kama kazi ni ile aliyomaliza jana
au ni ile ambayo mtu ameshailipia.

Tuko Oli, Arua, nyuma ya duka la saruji,
miezi kumi na minane tangu apewe cheti.
Cheti kipo. Kimeviringishwa kwenye mfuko wa sukari
juu ya kabati, panya wasikifikie.
Cherehani ndiyo haipo.
"Ilitoka mlango huu, mtoto akaingia,"
anasema, na kucheka peke yake.
Februari mtoto alitanguliza miguu,
hospitali ikataka glavu, ikataka dripu, ikataka mafuta ya jenereta,
na humu ndani kitu chenye bei kilikuwa kimoja.
Mtoto mwenyewe huyu hapa, kanishika goti,
anatafuna pembe ya fomu yangu.
Siku hizi Candiru hushona kwa mkono:
vifungo, pindo, sare za shule ileile
iliyomrudisha nyumbani kidato cha pili
kwa deni la muhula mmoja.

Naandika: Kifaa cha mafunzo, HANA.
Natafuta kisanduku cha mtoto. Hakuna.

Alasiri nashuka Awindiri kumtafuta Onzima.
Yeye hakuchaguliwa.
Siku ile, kwenye ua wa ofisi ya tarafa,
vijana mia mbili na arobaini walioacha shule
waligeuzwa vikaratasi ndani ya ndoo ya plastiki.
Nusu wakaokotwa.
Onzima akabaki chini ya ndoo,
na kwa kubaki huko akawa wetu vilevile:
kila mwaka twaja na kalamu
kupima alichokikosa.

Namkuta chini ya bati, cheche zinamrukia miguuni.
Anazima mashine. Anafuta kiti kwa shati lake.
Kuchomelea alijifunza nje ya uzio wa chuo,
amesimama, kila asubuhi, mwezi mzima,
mpaka mlinzi akachoka kumfukuza, akamletea kigoda.
"Sikuwa na miwani. Usiku macho yaliwaka kama yana pilipili,
mama akawa ananiwekea vipande vya viazi."
Ananionyesha lango la kanisa kwenye simu iliyopasuka kioo,
ufa unapita katikati ya msalaba.

Mafunzo aliyopata: HAKUNA.
Mapato ya wiki iliyopita: anahesabu kwa vidole vyeusi,
anarudia kuhesabu,
anampita Candiru kwa shilingi elfu kumi na moja.

Najua Kampala watakavyosema.
Mkuu wangu atakuna kidevu, ataita jambo hili uvujaji,
kana kwamba maarifa ni maji na uzio una tundu,
na kwamba fundi ni mtu wa kuziba.

"Dada," Onzima ananiita nikiwa nimeshaufunga mkoba,
"ile ndoo, nani aliikoroga?"

Ni mimi.
Mkono huu, mpaka kwenye kiwiko.
Nilikoroga vizuri, niliambiwa nikoroge vizuri,
haki yote ya mradi ilikuwa katika kukoroga.
Nikamwambia. Akatikisa kichwa,
akaniuliza kama nimekula.

Usiku, chumba cha wageni, taa ya sola inafifia,
naingiza majibu moja baada ya jingine.
Fomu ya Candiru mashine inaikataa:
haina namba.
Nageuza karatasi. Pembe imeliwa,
alama nne za meno, mate yamekauka.

Sikuhitaji kutafuta kwenye orodha.
Mia moja na saba.
Kikaratasi chake ndicho nilichokitoa kwanza;
kilikuwa na unyevu kidogo, sijui wa nini,
kikaninata kidoleni.