Karatasi ya Dawa

Imekunjwa mara nane. Nimeikunjua mezani,
Oulu, saa tisa mchana, taa imeshawashwa.
Herufi ndogo kama chawa.
Midomo kupasuka. Ini. Macho kukauka.
Mimba: hapo nikaruka mistari mitatu, mimi baba mwoga.
Huzuni nzito, inasema, kwa baadhi ya watu,
na haisemi watu gani.

Nikamkumbuka Tuulikki, dada wa mama yako,
Januari ile alipofunga pazia
wala hapakuwa na jua la kuzuia.

"Tungoje Juni," nikasema. "Kuwe na mwanga."
"Juni jua halilali, Baba,
na dawa hii haipatani na jua.
Umesoma upande wa pili?"

Sikuwa nimesoma.

Ukaenda chumbani, ukarudi na foronya:
damu ya jana, usaha wa juzi,
na doa kongwe ambalo sabuni imelishindwa.
Ukaitandaza juu ya karatasi, herufi zote zikafunikwa.
Hukulia, Inkeri.
"Na haya ni madhara," ukasema,
"ila hakuna aliyeyachapa."

Tukapatana. Damu ipimwe kila mwezi.
Kila jioni nitakuuliza u hali gani,
nawe "sawa" si jibu.

Kidonge cha kwanza umekimeza kwa mkate na siagi nyingi.
"Baba, mbona wanikodolea macho?"
Miaka miwili umekula umeinama, nywele usoni.
Leo umenikaripia
umeinua kichwa.